Bi Lohse na Nukta za Njano

Jumatatu tarehe 31 Machi 2025, Bi Gerlinde Lohse, fundi mkuu wa mashine za ofisi katika manispaa yetu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka arobaini na moja na miezi saba. Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 1983, akiwa na miaka ishirini na miwili, kutengeneza taipureta. Amefanya kazi chini ya mameya saba na katika nchi mbili bila kuhama ofisi, kwani ile ya kwanza, ya kikomunisti, ilivunjika mwaka 1990. Siku moja tu alichelewa kazini, Agosti 2002 mto Mulde ulipofurika, na hata siku hiyo alifika saa nne akiwa ndani ya boti ya zimamoto, kisanduku cha vifaa mapajani, akauliza ni mashine zipi zimelowa.

Wengi wanamfahamu kama mama anayeizungumzia mashine ya fotokopi kama ng'ombe mgonjwa. "Hii imevimbiwa," husema, kisha hutoa karatasi tatu zilizokunjamana na kipande cha biskuti. Hajawahi kumtaja mwenye biskuti. Tabia hiyo ya kutotaja watu ndiyo iliyomletea matatizo, na ndiyo iliyotuletea kanuni tunayoifuata leo.

Katika miaka yake ya mwanzo, kila taipureta iliyopita mikononi mwake ilikuwa na fomu. Alipaswa kupiga herufi zote, kubwa na ndogo, kuandika namba ya mashine na kutia sahihi. Kila Ijumaa alikuja bwana mmoja mpole mwenye mkoba kuzichukua. Bi Lohse hakuuliza zinakwenda wapi. Hakuna aliyeuliza.

Mwaka 1992, nchi ikiwa imekwisha badilika na watu wameruhusiwa kusoma majalada yao ya polisi wa siri, aliingia karakana mwalimu mmoja wa kemia aitwaye Ehrhard Seidel. Miaka sita nyuma, mwalimu huyo alikuwa ameandika karatasi kuhusu povu la sumu mtoni, akaipiga kwenye taipureta ya shule na kuisambaza makanisani. Alifungwa miezi kumi na minane. Jaladani mwake mlikuwa na ile karatasi ya povu, na kando yake fomu yenye herufi e iliyoinama kidogo upande wa kushoto, sawasawa na ile ya kwenye karatasi. Sahihi chini ya fomu ilikuwa ya Gerlinde Lohse.

"Sikuja kugombana," mwalimu alimwambia. "Nimekuja kukuona sura tu."

Bi Lohse alimvutia kiti. Hakujitetea kwamba alikuwa hajui. Alimwomba amweleze kila kitu, tangu siku ya kukamatwa hadi siku ya kutoka, naye akasikiliza mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe vyote viwili. Mumewe, Lothar, anasema kwamba kwa wiki nzima baada ya hapo alikuwa akiamka na kukaa mezani bila kula. Kisha asubuhi moja alikula mayai mawili na kusema, "Mara moja imetosha," akaenda kazini.

Mimi nilifika mwaka 2001 kusimamia usalama wa kompyuta. Wakati huo printa za rangi zilikuwa zinaingia ofisini moja baada ya nyingine. Bi Lohse alizifungua zote, na mwaka 2005 aliposoma kwamba watetezi wa haki huko Marekani wamefumbua siri ya nukta za njano, alinunua tochi ya mwanga wa buluu na kioo cha kukuzia, akaniita.

"Bwana Tänzer, hebu njoo uone. Mashine zetu zina mdomo."

Karatasi ilikuwa barua ya kawaida ya idara ya bustani. Chini ya mwanga wa buluu ilijaa vijitone, vidogo kuliko chembe ya vumbi, vimepangwa safu kwa safu na kurudiwa ukurasa mzima. Alivisoma kwa jedwali kama mtu anayesoma ratiba ya treni: namba ya mashine, tarehe, saa, dakika. Mimi nilifurahi. Nilimwambia kwamba nukta hizi zimewekwa kuwabana waghushi wa noti, na zitatusaidia sana siku tukiibiwa nyaraka.

"Zitakusaidia wewe," alisema. "Anayebonyeza kitufe ameambiwa?"

Nilimjibu kwamba asiye na hatia hana la kuficha. Aliniangalia kama ninavyotazamwa na mke wangu ninapoosha vyombo.

Juni 2011 jambo lenyewe likaja. Mhandisi wetu alikuwa amepima maji ya chekechea moja ya manispaa na kukuta madini ya risasi kutoka kwenye mabomba ya zamani. Ripoti ilifika kwa mkuu wa idara, Bwana Pohlers, naye akaamua wazazi waambiwe baada ya likizo ya kiangazi, mabomba yakishabadilishwa, ili pasiwe na taharuki. Siku ya tatu, nakala za ripoti, zenye michoro ya rangi, zilikutwa kwenye masanduku ya barua ya wazazi wote. Wazazi waliwatoa watoto wao siku hiyo hiyo.

Bwana Pohlers alikuja karakana nami nikiwa nyuma yake. Aliweka nakala moja mezani.

"Bi Lohse, unazisoma hizi nukta. Nataka mashine na saa. Jina nitalitafuta mwenyewe."

"Sisomi," alisema Bi Lohse.

"Huwezi, au hutaki?"

"Naweza. Nachukua dakika arobaini. Sitaki."

"Hii ni amri ya kazi."

"Basi iandike, Bwana Pohlers. Utie na sahihi. Mimi nilishatia yangu zamani, najua inavyokuwa."

Niliingilia kati. Nilimwambia kwamba leo ni ripoti ya maji, kesho yatakuwa majalada ya watoto yatima, na ofisi isiyoweza kulinda karatasi zake haiwezi kulinda watu wake. Hoja hiyo naishikilia hadi leo. Bi Lohse aliisikiliza yote, akatikisa kichwa kukubali, kisha akairudisha nakala kwa Bwana Pohlers bila kuigeuza.

Wiki iliyofuata alihamishiwa ghala la chini, kuhesabu katriji za wino. Alikaa huko miezi kumi na minne. Aliyeandika pendekezo la kumhamisha ni mimi. Halikuwa na jina langu.

Waliodhani atachoka walikuwa hawamfahamu. Alipanga ghala hilo hadi mtu akapata katriji akiwa amefumba macho, na kila Jumanne alipanda ngazi kwenda kwa baraza la wafanyakazi na rasimu ya kanuni mkononi. Mara ya kwanza walimpa dakika tano. Mara ya mwisho, kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, alikwenda na Mwalimu Seidel, mzee wa miaka sabini na minane aliyevaa tai, na ile fomu ya herufi e. Bi Lohse aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi mia mbili: namba ya mashine, tarehe, kisha jina lake mwenyewe. Kanuni ilipita mwaka 2012. Hakuna kusoma nukta za mtu bila hati ya mahakama, na kila printa ya rangi ibandikwe tangazo. Maneno ya tangazo ni yake, nanyi nyote mmeyasoma mkisubiri karatasi zitoke: "Mashine hii huacha nukta za njano usizoziona. Hutaja mashine, siku na saa. Fahamu kabla ya kubonyeza." Aliyesambaza ripoti ya maji hatumjui, na mabomba yalibadilishwa ndani ya wiki tatu.

Nilingoja siku ambayo kanuni hiyo itatuumiza. Ilifika Februari 2016. Familia moja kutoka Syria, baba, mama na watoto watatu, ilipokea barua za vitisho zenye picha ya rangi ya mlango wao. Wapelelezi wawili walikuja na barua hizo, na karatasi yenyewe ilikuwa ya manispaa. Nilikuwa nimeshawasha tochi.

"Hati ya hakimu iko wapi?" Bi Lohse aliuliza.

"Inakuja. Siku mbili."

"Ikifika nitaanza dakika hiyo hiyo."

Nilimfokea mbele ya wageni. Nilimwambia kwamba mlango ule ukichomwa moto, atakwenda kuwaeleza watoto habari za kanuni yake. Alivaa koti, akajaza fomu ya likizo ya siku mbili na kuondoka. Nilidhani amekimbia. Baadaye nikajua kwamba alikwenda kwenye nyumba ile ile pamoja na Lothar, wakaketi kwenye ngazi, na asubuhi zote mbili yeye ndiye aliyewapeleka watoto shuleni, mdogo akiwa amemshika mkono.

Hati ilifika Alhamisi mchana, naye akarudi. Alisoma kwa dakika thelathini na sita: mashine ya ghorofa ya pili, saa sita na dakika kumi na saba, wakati wa chakula cha mchana. Mwenye barua alikuwa mfanyakazi mwenzetu, aliyekuwa akitusalimia kila asubuhi. Alihukumiwa, na familia ile bado inakaa mjini.

Bwana Pohlers alimkuta koridoni. "Kwa hiyo hii umesoma. Ya maji ulikataa."

"Ya maji hukumuuliza hakimu," alisema Bi Lohse. "Ungemuuliza, angekuuliza na wewe habari za maji."

Jioni hiyo nilishuka karakana, nikamwambia ni nani aliyeandika pendekezo la mwaka 2011, nikamwomba radhi.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Barua nzima 'kwa hiyo', 'kwa hiyo', kama barua zako zote. Hilo halihitaji nukta."

Bado hatukubaliani. Mimi naamini zile siku mbili zilikuwa ndefu mno, naye husema ndiyo, zilikuwa ndefu, ndiyo maana alizikalia mwenyewe. Januari mwaka huu aliomba wasifu huu niuandike mimi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Wewe hutanisifu bure. Halafu, Volkmar, tuache sasa haya ya Bwana na Bi. Tumeshazeeka."

Basi, Gerlinde. Manispaa inakushukuru kwa mashine elfu na zaidi ulizozifufua. Wafanyakazi wanakushukuru kwa kuwaambia wanachokiacha kwenye karatasi. Miti ya plamu ya bustani yako, Lothar na wajukuu wakupate mzima na mwenye nafasi. Uishi vyema na uzeeke kwa raha. Mimi nakushukuru kwa kukataa mbele yangu, tena bila kunitukana.

Wasifu huu nimeuandika mimi, na safari hii natia jina langu.

Volkmar Tänzer
Kitengo cha Usalama wa Mifumo