Mpira wa Mzee Obitre

Kwenye taksi ya kwenda Koboko, mama mmoja alimwambia fundi wa bomba aliyeketi kando yake kwamba sinki lake halipitishi maji. "Unaosha sufuria na majivu?" fundi akauliza. "Kila siku." Mimi pia, niliyeketi nyuma yao, ila sikuulizwa.

"Basi majivu imejaa kwa bomba ya chini. Tufungue."

"Hapana! Bomba hiyo, bwana yangu, mzee Obitre, alifunga na mpira ya baiskeli, wiki moja mbele ya kufa. Hakuna mutu atakata."

"Sitakata, mama. Nitafungua pole pole, nitarudisha mpira ile ile."

"Na utafunga kama yeye?"

"Alikuwa anafunga na mkono gani?"

"Kushoto."

Taksi ikasimama. Fundi alibaki kitini, akijaribu kufunga kamba ya begi lake kwa mkono wa kushoto. Mama hakumharakisha.