Swali la Mwavita Kwenye Kona ya Mizani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, Dada Mwavita Chabani anaiacha kaunta ya famasi yetu hapa mtaani Rohero. Alianza kama mfagiaji, akasomea utoaji wa dawa, na kwa miaka kumi na tisa ya mwisho amekuwa mkuu wa kaunta. Wakurugenzi wanne wamepita, yeye amebaki, na koti lake jeupe halijawahi kukosa pasi.

Wateja wengi hawalijui jina lake. Wanamwita yule mama wa maswali. Mtu akija na karatasi ya daktari, Mwavita humsogeza kwenye kona ya mizani, mbali na masikio ya watu, akamuuliza anakunywa dawa gani nyingine, hata kama ni ya usingizi, hata kama ni ya huzuni. Humuuliza kila mtu. Bwana mmoja wa Kanyosha alikuja kununua plasta ya kidole akaulizwa habari za huzuni. Alicheka mpaka akaisahau plasta. Foleni zilirefuka, sisi tukanung'unika, na mkurugenzi mmoja akamwandikia barua ya onyo. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaendelea kuuliza.

Alikuwa na sababu. Mjini kwetu dawa ya moyo mtu huinunua mchana kweupe. Ya huzuni huifuata mtaa wa mbali, jirani asije akamwona. Hivyo daktari wa moyo hajui mwenzake wa magonjwa ya akili ameandika nini. Baadhi ya dawa hizo zikikutana mwilini huvuruga mapigo ya moyo, nyingine humtoa mtu damu isiyokatika. Na kwa kuwa Mwavita aliuliza wote, hakuna aliyejiona amenyooshewa kidole.

Aliowasahau ni sisi wafanyakazi. Nani angemuuliza mtu wa famasi kama anajua dawa zake?

Miaka tisa iliyopita, mtunza stoo wetu alikuwa akinywa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya valvu ya moyo. Mke wake, Huguette, alipofariki, mtunza stoo huyo alishindwa kula, kulala, hata kuoga. Daktari wa zahanati moja akamwandikia dawa ya huzuni. Mgonjwa hakumtajia daktari huyo ugonjwa wake wa moyo, kisha akaenda kuinunua dawa mtaa wa mbali, Kamenge. Maboksi ya dawa zote mbili aliyapanga rafuni kila wiki kwa mikono yake, na onyo lililo ndani alikuwa amelisoma. Aibu ilimzidi akili. Mtunza stoo huyo ni mimi, Valéry, ninayeandika haya.

Wiki ya tatu fizi zilianza kutoa damu. Nikasema ni mswaki. Pua ikafuata, nikasema ni joto. Mwavita aliiona leso yangu, akaniita kwenye ile kona.

"Valéry, mi nauliza kila mutu, we peke yako sijakuuliza. Unakunywa dawa gani ingine?"

Nikamjibu apana, hakuna. Nilimdanganya mtu aliyenifundisha kazi. Hakubishana. Kesho yake aliuliza tena, kwa maneno yaleyale, nami nikalia mbele yake, nikamweleza yote. Alinikataza kuacha dawa yoyote kwa uamuzi wangu mwenyewe, akawapigia simu madaktari wote wawili, akanisindikiza hospitali siku hiyohiyo. Damu yangu ilikuwa nyepesi mno. Daktari alisema nina bahati haijavuja kichwani. Nililazwa siku sita, dawa zangu zikapangwa upya.

Tangu mwezi ule kila mfanyakazi huulizwa, mkurugenzi akiwemo. Wenzangu mlidhani nina vidonda vya tumbo, na Mwavita hakuwasahihisha. Hata uongozi uliponiomba niandike wasifu huu, aliniambia tu nisimsifu kupita kiasi.

Kwa niaba ya famasi nzima na ya wateja wasiojua kwamba waliokolewa, tunamshukuru. Tunamwombea afya, na siku nyingi za raha pamoja na wajukuu wake Buyenzi.

Dada Mwavita, miaka tisa umewaficha watu kwamba nina ugonjwa wa huzuni na bado nakunywa dawa. Leo nimewaambia mwenyewe. Huna tena la kunifichia, nenda kapumzike.