Maswali Niliyomjibia Mama

Mheshimiwa MCA wetu, Daktari Muigai msimamizi wa kliniki hii, Sheikh wetu, Mchungaji Shiundu, wageni waalikwa mliotoka Kibera, majirani wa Kawangware 46, na wewe Sista Wamucii, mwenye siku ya leo: asalamu aleikum, na Bwana asifiwe.

Naitwa Ruweida Fadul, nauza vitambaa Kianda, kule Kibera. Nimepewa dakika tano nimsifu Sista Wamucii, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mbili ya uuguzi. Walionitangulia wamesifu upole wake. Mimi siwezi, kwa sababu upole huo sijauona. Mimi alinifukuza, tena mbele ya watu, na kama hangenifukuza, pengine leo mngekuwa mnanipa pole.

Mamangu, Bi. Sitelbanat, ni yule pale mstari wa pili. Ana miaka sabini na sita. Mwezi wa pili alipatikana na saratani ya utumbo, na imeshagusa ini. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari kumpasua, lakini wazee hupimwa kwanza kama mwili utastahimili kisu na dawa ya usingizi, na kipimo hicho hufanywa hapa kila Alhamisi na Sista Wamucii. Si kutoa damu tu, kuna maswali. Anaoga mwenyewe? Anapanda ngazi? Ameanguka mwaka huu?

Sasa nyinyi mnajua kwetu. Mzazi haulizwi udhaifu wake mbele ya mgeni. Mtoto ndiye hujibu, na hujibu kwa heshima. Basi nikajibu. Anaoga mwenyewe. Ngazi anapanda. Kuanguka? Mama huyu? Hajawahi! Mama akanitazama kwa shukrani. Mnadhani nilikuwa namheshimu? Nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba wakisikia ni mdhaifu, watatuambia turudi nyumbani tukangoje.

Sista akaweka kalamu chini. "Wewe binti, toka nje. Hii tumbo si yako."

Nilitoka nimevimba kwa hasira. Mlango ule haufungi vizuri, kwa hivyo niliona. Alimwambia Mama ainuke kitini bila kushika popote, atembee hadi kwenye alama sakafuni, arudi aketi. Mzee mwenye nguvu hafikishi sekunde kumi na mbili. Mama alitumia thelathini na nne, na kuinuka kwenyewe alifaulu mara ya tatu. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia na sisi, "Nimeanguka mara nne. Watoto nawaficha, wasiogope."

Jamani, mmesikia? Yeye alinificha mimi, na mimi nikamficha daktari. Tulikuwa tunampeleka kwenye kisu kwa adabu.

Daktari yule wa upasuaji aliposoma karatasi ya Sista aliniita. "Kwa majibu yako ningempasua Jumatatu," akasema, "na sidhani angeamka."

Madaktari wakachagua njia nyingine. Ni dawa yenye mionzi, inayopitia kwenye dripu, ikatafuta seli za saratani zilipo na kuzichoma hapo hapo. Atapewa mara nne, kila baada ya wiki nane. Hawakutuahidi kupona. Walisema huenda ikazuia uvimbe usikue, huenda ikaumiza figo, na huenda isifanye kitu. Jirani yangu Tracy akaniuliza, "Kwani atatoka huko aking'aa?" Nilicheka naye, halafu nikaingia nyuma ya duka nikalia.

Tena ploti yetu choo ni kimoja kwa milango kumi na moja, na siku za mwanzo anayepewa dawa hiyo anatakiwa awe na choo chake peke yake, maana mionzi hutoka na mkojo. Ningemweka wapi? Sista Wamucii ametufungulia chumba cha nyumbani kwake hapa 46, chenye choo ndani, akasema eti yeye sasa hana kazi. Ndiko kustaafu kwake huko, waheshimiwa. Nyinyi mnampa zawadi ya kupumzikia, na yeye ameshajitafutia mgonjwa.

Mama anaingia hospitali kesho saa tatu asubuhi. Naogopa dawa yenyewe, naogopa figo zake, naogopa simu itakayolia. Na mimi, kama mnavyoniona, nina mimba ya miezi saba, na mwenye mimba haruhusiwi kumkaribia kwa wiki mbili. Mambo yakiharibika katika wiki hizo, nitakuwa nimesimama mlangoni kama mgeni.

Kuna jambo moja sijawahi kulifanya, na najua wazee wa kwetu hamtalipenda. Mama, mbele ya watu wote hawa, na leo sikujibii: unaogopa?

Ameitikia kwa kichwa. Ndiyo, anaogopa.

Haya. Sista, Mungu akulipe. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunitegea masikio. Dakika zangu zimebaki mbili, lakini mniruhusu nishuke nikamshike Mama mkono, maana kesho watanikataza.