Bwana Nishiwaki Anatuachia Saba

Bwana Nishiwaki Tetsuo anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya kutumikia kiwanda chetu miaka arobaini na mmoja. Alipaswa kuondoka mwaka jana, akaomba mwaka wa nyongeza kwa hoja kwamba arobaini inagawanyika. Ofisi ya utumishi ilikubali ili kikao kiishe.

Kazi yake ilikuwa kujaribu kitufe cha kufuta tarakimu ya mwisho kwenye vikokotoo vya tarakimu nane. Wengine tulibonyeza namba yoyote tu. Yeye aliandika 73939133, kila kikokotoo, kila siku. Hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Futa ile 3 ya mwisho: inayobaki ni tasa. Futa tena: bado tasa, hivyo hivyo hadi ibaki 7. Tena hakuna tarakimu ya tisa utakayoiongeza mwishoni isiiharibu.

Alipofanywa mkuu wa Kitengo cha Ukaguzi tulikuwa wanane, basi akaibandika mlangoni, kila mtu na tarakimu yake. Samahani, walikuwa wanane. Mwaka 1996 aliletewa mkaguzi wa tisa akamkataa kwa sababu za kihesabu. Huyo wa tisa ni mwandishi wa maneno haya, Okazoe Mie, aliyefungasha maboksi miaka miwili akisubiri mmoja ahame.

Kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka aliwahi kuagiza sambusa ndogo za gyoza thelathini na moja kwa watu saba. Kila mmoja alipata nne. Tatu zilizobaki alizila mwenyewe, huku akilalamikia ukaidi wa namba.

Mashine zikaja, watu wakapungua. Kila alipoondoka mtu, Bwana Nishiwaki alikata tarakimu moja kwa mkasi na kutangaza, "Bado hatugawanyiki!" Januari mlangoni palisomeka 73, yaani yeye na Okazoe. Uongozi ukaamua kwamba akistaafu, kitengo kivunjwe na kazi zigawiwe idara mbili. Mkuu wa kiwanda alimpa dakika tano ajieleze. Alichukua saa mbili na robo, kikokotoo mkononi. Mkuu akatoka ameloa jasho: "Kitengo kibaki! Ila huyo mzee asinionyeshe namba nyingine maishani mwangu!"

Kwa hilo, Okazoe amemsamehe yale maboksi.

Jana mzee alimkabidhi mkasi. "Kata wewe, Okazoe. Usiogope, saba nayo ni tasa."

"Najua, mzee. Nimeisikia miaka ishirini na sita."

Okazoe akakata, mkasi ukaenda upande.

Bwana Nishiwaki, asante kwa kila kitufe. Nenda ukapumzike, ule gyoza bila kugawana na mtu, na afya ikufuate popote. Ile 3 haikutupwa, imo kwenye droo ya Okazoe. Mlangoni imebaki 7. Haigawanyiki, kama ulivyosema. Hukusema tu kwamba itakuwa mpweke namna hii.