Ukuta Uliorushiwa Matope: Tunamuaga Mama Theodosia Ntabaye

Baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Bi. Theodosia Ntabaye, Fundi Sanifu Mkuu wa Ramani katika kituo chetu cha vipimo hapa Kasulu, anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Tangazo lilipobandikwa ubaoni tulisimama mbele yake midomo wazi. Mhasibu alidai mwaka wa kuzaliwa umekosewa. Pacifique, dereva wetu, alikwenda kumuuliza mwenyewe, akajibiwa kwamba ndiyo, ametimiza sitini, na asiyeamini aje wapandishe naye mlima wa Heru Juu kwa miguu, waone nani atapumzika wa kwanza. Hakujitokeza mtu.

Wasifu huu wa jarida letu ameuandika Omary, yaani mimi, mpima ardhi daraja la pili, mzaliwa wa Ujiji. Wapo wanaomfahamu Mama Theodosia kwa miaka mingi kuliko mimi. Kazi hii niliiomba, na kabla hamjafika mwisho mtajua kwa nini.

Alianza kazi Kibondo mwaka 1988 akiwa msaidizi wa mchoraji. Ramani za siku hizo zilichorwa kwa mkono, kwa wino, na jasho likidondoka tone moja tu juu ya karatasi, umeongeza ziwa ambalo wilaya haina. Miaka ya tisini wakimbizi walipofika kwa maelfu, alitolewa ofisini akapewa mnyororo wa kupimia na vijana wawili, akapima njia za mabomba ya maji kambini kwa miguu, masika na kiangazi. Kiha ni lugha yake ya nyumbani, kwa hiyo na Warundi walielewana bila mkalimani. Kwa Wakongo alijifunza kuagiza chai kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani, na mpaka leo akifurahi sana husema “merci mingi”. Alihamia Kasulu mwaka 2003.

Mwaka 2018 tuliletewa mkufunzi wa teknolojia mpya. Inaitwa fotogrametria, na kwa faida ya wasomaji wageni nitaieleza kama alivyonieleza yeye. Unakizunguka kitu ukikipiga picha nyingi, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Programu ya kompyuta inatafuta alama zilezile katika picha tofauti: ufa, doa, kokoto, pembe ya tofali. Kutokana na alama hizo inapiga hesabu ulikuwa umesimama wapi kwa kila picha, kisha inajenga modeli yenye urefu, upana na kina, unaweza kuigeuzageuza kwenye kioo na kuipima. Pasipo na alama yoyote, kompyuta haioni kitu.

Sisi vijana tuliokuwa na shahada tulijua mafunzo yale ni yetu, na Mama amekuja kwa ajili ya soda. Loh! Mkufunzi alituonyesha modeli ya nyumba moja, nzuri ajabu, tukapiga makofi. Mama Theodosia akanyoosha mkono akauliza mlango wa nyumba ile una upana gani. Mkufunzi akapima palepale. Milimita nane! Kumbe picha peke yake haiijui mita. Lazima uweke ndani yake kitu ambacho urefu wake unaujua. Tangu siku hiyo hakuna picha ya Mama isiyo na fimbo yake ya mita mbili, yenye rangi nyekundu na nyeupe, ikiwa imelazwa mahali.

Alifanya mazoezi kwa kila kilichotulia. Alianza na kiti kibovu cha mapokezi, akaja birika la chai, akamalizia na mlinzi wetu Nduwayezu, aliyeambiwa akae bila kutikisika kwa dakika nne. Dakika ya tatu nzi akamtua. Modeli ilitoka na pua mbili, na Nduwayezu aliomba ichapishwe awapelekee wanawe. Kufikia mwaka jana Mama alikuwa ametengeneza modeli za makorongo arobaini na moja, madaraja kumi na mawili na marundo ya kokoto yasiyo na idadi, na sijawahi kuona kosa lake likizidi sentimita mbili.

Sasa nifike Makere. Mwaka mzima haujaisha tangu yatokee.

Kwenye kijiji kimoja cha kata ile wananchi walijenga kwa nguvu zao nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua, jirani na zahanati. Matofali walichoma wenyewe, mawe walibeba akina mama kichwani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na korongo ambalo kila masika lilikuwa linasogea. Februari 2024 Mama Theodosia alitengeneza modeli ya nyumba na korongo lake. Novemba, mvua zikiwa zimeshika, tulitumwa turudie, ili modeli mbili zilinganishwe. Swali lilikuwa moja: akina mama watano waliokuwa ndani waendelee kulala humo, au watoke?

Msidhani ni swali jepesi. Kitanda kilichogusa ukuta wa nyuma kilikuwa cha Ininahazwe, mkulima, mtoto wa familia iliyotoka Burundi zamani na sasa ni raia. Mtoto wake aliyetangulia alimfia njiani, yeye akiwa amepakiwa kwenye bodaboda akikimbizwa kujifungua. Ndiyo maana safari hii alifika mwezi mzima kabla, akatandika kitanda chake, akasema hapa hang'oki mpaka ashike mtoto. Kumtoa bila sababu ni kumrudisha kwenye ile hofu. Kumwacha, na ukuta ukaja... Mnaelewa.

Jumatano, tarehe 13 Novemba, tukafika. Mimi nilikuwa kiongozi wa safari. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ildefonsi, alikuwa ametangaza kanisani kwamba wataalamu wanakuja kuipiga picha nyumba. Nanyi mnajua mtu akiambiwa anapigwa picha hufanya nini. Anaoga, anavaa. Basi nyumba nayo ilivalishwa! Nje ilikuwa imepakwa chokaa kutoka msingi hadi kwenye paa, nyeupe pee, hakuna ufa, hakuna doa, hata mistari ya matofali haionekani. Akina mama watano walikuwa wamevaa vitenge vipya, wamejipanga mbele ya ukuta kwa urefu, wanasubiri kuambiwa watabasamu. Mzee Ildefonsi alikuwa na tai.

Mama Theodosia aliwasalimia wote, mmoja mmoja, kwa mikono miwili, akausifu usafi wao. Halafu akanivuta pembeni akaniambia kwamba ukuta huu kompyuta haitauona. Nilimwambia tupige tu, wananchi wamejiandaa, tusiwaaibishe. Tukapiga picha mia moja na sitini, nje na ndani. Tukaingia garini tukaiendesha programu kwa haraka haraka kwenye kompyuta ya mkononi, na baada ya dakika arobaini modeli ikatokea. Ilikuwa na kuta tatu, zile zenye mlango na madirisha. Wa nyuma, ule wa upande wa korongo, haukuwepo. Palikuwa na shimo tupu, na ndani yake vitanda vinaelea.

Nikasema basi, tutarudi wiki ijayo, chokaa itakuwa imechakaa kidogo.

Mama akashuka garini. Akapita nyuma ya nyumba, akainama, akachota matope mekundu kwa mikono yote miwili, akaurushia ukuta. Pwaa! Akachota tena. Jamani! Mama mtu mzima, kitambaa kichwani, kitambulisho cha serikali kifuani, anarushia matope nyumba ambayo wanakijiji wamemaliza kuipaka jana yake! Mzee Ildefonsi alishika tai yake. Ininahazwe akapiga kelele: “Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Mama huyu kapatwa na nini?” Mwanamke mmoja akaanza kulia. Mimi nilimwita kwa ukali, kwa jina, bila hata kutanguliza “Mama”, na aibu ya hilo ninayo mpaka leo. Akaniambia bila kugeuka nimletee fimbo yake ya kupimia. Aliporidhika na madoa, alikwenda akapiga goti mbele ya Mzee Ildefonsi, akamweleza kwa Kiha alichofanya na kwa nini, akamwomba radhi. Kisha, mikono ikiwa bado imejaa tope mpaka kwenye viwiko, akaukabili ukuta: hatua moja, picha moja, hatua moja, picha moja.

Njia nzima ya kurudi Kasulu nilikuwa nafoka moyoni.

Alhamisi kompyuta ya ofisini ilikuwa imemaliza hesabu kabla hatujafungua milango. Ukuta ulionekana mzima, na madoa yake yote. Mama akaziweka modeli mbili, moja juu ya nyingine. Ukingo wa korongo, uliokuwa mita kumi na tisa kutoka msingini mwezi Februari, sasa ulikuwa mita sita. Na kichwa cha ukuta kilikuwa kimelala nje kwa sentimita kumi na tatu. Kumi na tatu! Chokaa ilikuwa imefunika nyufa ambazo mtoto mdogo angeziona.

Mkuu wa kituo alikuwa safarini Kigoma na simu yake haipatikani. Mama Theodosia alijaza mwenyewe daftari la gari, akamchukua Pacifique, wakaenda Makere. Wanne walipanda gari bila maneno. Ininahazwe alikataa, alikumbatia nguzo ya kitanda, akasema barabara ilishamuulia mtoto mmoja, haitapewa wa pili. Pacifique anasimulia kwamba Mama hakumbembeleza wala kumtisha. Alimwonyesha modeli mbili kwenye kioo, akaacha azigeuze mwenyewe kwa kidole, naye akatafuta kitanda chake, akaona ukuta wa nyuma yake ulivyolalia nje na ukingo wa korongo ulivyousogelea. Ininahazwe akamuuliza gari litakwenda polepole? Mama akamjibu: “Ego, ndiyo, litakwenda polepole, na mimi nitakushika mkono.” Kilomita zote mpaka hospitali ya Kabanga Pacifique hakuvuka gia ya pili.

Ijumaa, saa saba mchana, mvua ikiwa inanyesha, ukuta wa nyuma uliteremka korongoni na paa likaufuata, likiburuta matofali ya kuta za pembeni. Mzee Ildefonsi alitupigia simu akishindwa kupata pumzi. Alituma picha moja. Kitanda cha ukutani kilikuwa kimekunjika katikati chini ya matofali, mengine bado yana chokaa upande mmoja. Ndani hapakuwa na mtu. Tuliipitisha simu ile mkono kwa mkono. Nduwayezu alivua kofia. Mimi nilikwenda msalani nikafungulia bomba ili wasinisikie.

Ininahazwe alijifungua Kabanga Jumapili iliyofuata, mtoto wa kike, kilo tatu na ushee. Watu huuliza kama aliitwa Theodosia. Hapana, anaitwa Consolée, jina la bibi yake, na Mama wetu alisema afadhali, maana jina lake hata yeye lilimsumbua shuleni.

Sasa lile la kwangu.

Jumatano ile tuliporudi, nikiwa bado nafoka, niliandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa kituo. Niliandika kwamba Bi. Theodosia Ntabaye ameharibu kwa makusudi jengo la umma, amekidhalilisha kituo mbele ya wananchi, umri umemzidi, na napendekeza aondolewe kazi za nje mara moja na astaafishwe kabla ya wakati. Ili barua ikolee nikaongeza kwamba amechafua ukuta wenye urefu wa mita ishirini. Nikaiacha juu ya meza ya masjala, bila bahasha, nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu, tarehe 18, niliwahi ofisini niichukue kabla mkuu hajairudia meza yake. Nikaikuta ilipokuwa. Palepale ndipo linapokaa daftari la gari, na Mama alikuwa amelijaza daftari lile Alhamisi. Barua yangu ilikuwa imesomwa. Hakuna neno lililofutwa kuhusu jengo la umma, wala kuhusu kudhalilisha, wala kuhusu umri. “Mita ishirini” ilikuwa imekatwa kwa penseli, kwa mstari ulionyooka, na juu yake imeandikwa “mita 9.40”. Pembeni alikuwa ametia saini yake ndogo, tarehe 14 Novemba, saa mbili na robo asubuhi. Wallahi, nilikaa chini sakafuni. Saa mbili na robo ukuta bado ulikuwa umesimama. Alikuwa amesoma kwamba nataka afukuzwe, akanisahihishia kipimo ili nisije nikaumbuka, akairudisha barua ilipokuwa, akachukua ufunguo wa gari akaenda kuwatoa akina mama.

Miezi saba imepita na hajawahi kuitaja. Niliipeleka barua kwa mkuu mwenyewe, nikamwomba iwekwe kwenye faili langu, si lake.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kasulu na Kibondo, Mama Theodosia, tunasema asante, na merci mingi. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wanaotulia ukitaka kuwapiga picha. Na kwa niaba yangu peke yangu, mbele ya wote watakaosoma jarida hili: nisamehe, Mama. Nilipaswa kukuomba hili mwaka jana, nikaogopa.

Omary, Mpima Ardhi Daraja la Pili