Revelian Rwezaula na Ndege Iliyokataa Kutii

Leo Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 1958, hapa Kinondoni, ukoo wa Mzee Romani Rwezaula wa Kanyigo, Bukoba, unamkabidhi kwa Muumba wake mtoto wao wa kwanza, Revelian. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Audax, kwa niaba ya mjane na watoto. Umeandikwa kwa kusaidiana na Bwana Mwinshehe Jamali wa Temeke, kwa kuwa yapo mambo ya marehemu ambayo ndugu wa damu hawakuwepo kuyaona.

Marehemu alizaliwa Kanyigo tarehe 3 Machi 1912, wakati wa Mjerumani. Mama yake, Ma Kokushubila, husimulia kwamba hakuwa mtoto wa fujo, ila kitu chochote kilichofungwa hakukiacha kimefungwa. Kabla hata hajaanza shule aliifungua saa ya katekista iliyokuwa imesahauliwa mezani kwao. Alipoulizwa sababu, alijibu, "Ilikuwa inachelewa." Ni kweli ilikuwa inachelewa. Baada ya siku ile haikwenda kabisa, na katekista akawa anaanza ibada kwa kulitazama jua.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Kanyigo, kisha akapelekwa Tabora, alikomaliza mwaka 1931. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa karani wa posta mjini Bukoba. Vita vilipopamba moto aliingia jeshini, mwaka 1941, akapangwa katika kikosi cha mawasiliano. Alifika India na Burma. Katika misitu ile, mvua ikinyesha mchana na usiku, alijifunza kazi ya redio, na zaidi alijifunza kusikiliza: kuitenga sauti ya mtu na makelele ya radi, ya mitambo na ya redio nyingine. Mwaka 1946 Idara ya Posta ilimleta Dar es Salaam kuwa fundi wa redio, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomlaza. Jioni na siku za mapumziko alitengeneza redio za watu katika kibanda alichokijenga mbele ya nyumba yake Temeke.

Ndoa yake na Demetria Kokuberwa ilifungwa katika kanisa la Kanyigo tarehe 13 Januari 1940. Walikaa pamoja muda mfupi tu, vita vikawatenganisha. Aliporudi, watu walitazamia vitambaa na vikuku vya Uhindini. Yeye alishuka na sanduku la redio ya jeshi lisilotoa sauti. Demetria aliuzunguka mzigo ule akauliza, "Vita vyote vile, Revelian, umerudi na sanduku bovu?" Kabla juma halijaisha sanduku lilikuwa linaongea, na majirani walijaa uani kulisikiliza. Demetria alisamehe, lakini habari ya vikuku aliendelea kuikumbusha kila mwaka. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ansbert, Auleria na Wilbert.

Watu wengi wa Temeke walimjua marehemu kwa ajili ya ndege, na hapa inafaa habari hiyo isimuliwe ilivyokuwa, si inavyosimuliwa vibarazani.

Mwaka 1954 mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao alimwachia injini ndogo, inayoenea kiganjani, ya ndege za mfano. Marehemu alitaka ndege hiyo isiruke ovyo kama kishada kilichokatika uzi. Alitaka kuiongoza kwa redio akiwa amesimama chini. Aliomba kibali cha kurusha mawimbi, akakipata, akaunda mtambo wa kushika mkononi na kipokezi kidogo cha kukaa tumboni mwa ndege. Umbo la ndege lilikuwa kazi ya jirani yake, Mwinshehe Jamali, fundi seremala aliyesifika kwa milango ya nakshi. Mwinshehe alichonga mbavu za mabawa kwa mianzi na mbao nyepesi, na mkewe Mwanakombo akatoa mtandio wake wa hariri wa kuyavika. Marehemu na Mwinshehe walikuwa marafiki tangu marehemu alipohamia mtaani. Mwinshehe alimwita marehemu Mhaya, na marehemu alimwita yeye Kaka.

Jumapili ya tarehe 31 Julai 1955, sikukuu ya Idi Kubwa ikiwa bado inaendelea, waliipeleka ndege kwenye uwanja wa mpira. Watu walikuwa wengi, wamevaa nguo za sikukuu. Walipoijaribu chini, injini ikiwa imezimwa, usukani wa mkia ulitii hata marehemu alipokwenda mwisho wa uwanja. Waliiwasha, ikapaa. Ilipofika juu ya minazi usukani ulianza kutikisika wenyewe. Marehemu alibonyeza kushoto, ndege ikaenda kulia. Iligeuka, ikashuka kwa kasi kuelekea kundi la wanawake waliokaa na watoto wao majanini. Mwinshehe ndiye aliyekuwa karibu. Alikimbia akaikinga kwa mkono wa kulia, na pangaboi likamkata vidole viwili mpaka mishipa.

Marehemu alifika akihema. Watu walimzunguka wakiuliza kimetokea nini. Naye, badala ya kusema hajui, alisema, "Bawaba ya usukani imekwama. Mbao imevimba."

Bawaba ilikuwa kazi ya Mwinshehe. Mwinshehe alikuwa ameketi chini, mkono umefungwa kwa kanga, akayasikia maneno hayo. Alipotoka hospitali hakupita tena mbele ya kibanda cha redio. Alizunguka njia ya nyuma.

Demetria anasema mumewe hakuwa na raha tangu siku hiyo. Alipoifungua ndege aliikuta bawaba inacheza vizuri, haina kasoro. Basi alianza kutafuta mchawi nje. Alifikiri ni magari ya barabarani, kwa kuwa cheche za injini zao huharibu mawimbi. Akafikiri ni mashine ya kusaga iliyo jirani na uwanja, akamwomba mwenyewe aizime kwa muda, naye akaizima. Tatizo lilibaki pale pale. Usukani ulitii kila injini ya ndege ilipozimwa, na kutapatapa kila ilipowashwa.

Jumamosi moja ya mwezi Septemba alivaa visikizio kama alivyozoea jeshini, akaviunga na kipokezi cha ndege, akaifunga ndege juu ya meza na kuwasha injini. Alisikia mkwaruzo mkali ukiifunika sauti ya mtambo wake. Akazima injini, akautikisa mkia kwa mkono. Mkwaruzo ukarudi. Ulitoka pale ambapo waya wa chuma wa kuvutia usukani ulipita ndani ya kitundu cha shaba. Injini ikitetemesha ndege, chuma na shaba zilisuguana, na msuguano ule ulizaa kelele iliyokiziba kipokezi masikio. Alizungushia uzi mahali pale, kimya kikaja.

Mwinshehe hakuuweka waya ule. Yeye alikuwa ametia ufito wa mwanzi uliofungwa kwa uzi. Marehemu ndiye aliyeutoa ufito huo na kuweka waya juma moja kabla ya Idi, akisema mwanzi si wa kuaminika.

Alikaa na jambo hilo mpaka Demetria akamwona hali chakula. "Baba Ansbert, unaumwa?"

"Siumwi. Nimeupata ugonjwa wa ndege."

"Basi si furaha hiyo?"

"Ni mimi," alisema. "Si mbao. Ni mimi."

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka kuswali na kuketi barazani kwa Mwinshehe kama kawaida yao, marehemu alipiga hodi. Mwanakombo alimkaribisha kwa adabu, lakini hakumtazama. Mwinshehe alitaka kumwingiza ndani.

"Sema na mie, Mhaya, yatosha."

"Haitoshi, Kaka. Yale nilisema mbele za watu. Wengi wao wako hapa."

Akasimama akawaeleza habari ya waya na kitundu cha shaba, pole pole, mpaka asiyejua redio akaelewa. Akamaliza kwa kusema, "Kazi ya Mwinshehe ilikuwa safi. Mimi niliiharibu, na siku ile niliwaambia neno ambalo sikuwa nalijua. Naomba radhi."

Mwinshehe aliuinua mkono wake, vidole viwili vimekakamaa.

"Hivi havirudi, Mhaya."

"Najua, Kaka."

"Siwezi kushika patasi."

"Najua."

Mwinshehe akaushusha mkono wake, akamwita mkewe. "Mama, ongeza sahani. Huyu hajala siku nyingi, mtazame shingo yake."

Isidhaniwe kwamba yote yalikuwa sawa tangu mlo ule. Mwinshehe ameomba iandikwe kwamba ziko siku aliamka na hasira upya, hasa alipopita kwenye mlango aliouchonga mwenyewe, na marehemu aliivumilia hasira hiyo bila kujitetea. Baadaye waliungana kazi: marehemu akitengeneza redio, Mwinshehe akisimamia vijana wake kuunda makasha. Nakshi hakuchonga tena.

Ndege waliiunda upya mwaka 1956, ufito wa mwanzi ukarudi mahali pake. Marehemu alijiwekea sharti: hairuki mpaka imesikilizwa injini ikinguruma, na usukani ukitikisika hata mara moja bila kuamriwa, wanarudi nyumbani. Sikukuu ya Krismasi mwaka huo watu walijaa tena uwanjani. Usukani ukatikisika kidogo, mara moja tu. Marehemu akazima injini. Walimzomea, mmoja akapaza sauti, "Mwoga huyo!" Akaibeba ndege begani akajibu, "Mwoga, ndiyo. Kwaherini." Kumbe betri ilikuwa imelegea kwenye kikalio chake.

Ilipaa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1957. Ilipanda juu ya mapaa, ikageuka kushoto ilipoambiwa kushoto, ikageuka kulia ilipoambiwa kulia, na mafuta yalipoisha iliteleza taratibu ikatua majanini. Kabla haijapaa, wanawake na watoto walikuwa wamesogezwa mbali, nyuma ya goli. Mwanakombo anasema alikuwa akiutazama mtandio wake huko juu, na mumewe alikuwa akimtazama Mhaya, ambaye machozi yalimtoka bila yeye kujua.

Ugonjwa wa figo ulianza mwishoni mwa mwaka huo huo, kwa kuvimba miguu. Alitibiwa akiwa nyumbani, akaendelea na kazi kwa kadiri ya nguvu zake, hadi mwezi Agosti mwaka huu alipolazwa hospitali ya serikali. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Padri aliyempa sakramenti, na majirani wa Temeke, Wakristo na Waislamu, waliopeana zamu ya kukaa naye. Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 14 Oktoba 1958, Demetria akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Demetria Kokuberwa. Watoto wake Ansbert, Auleria na Wilbert. Mama yake mzazi, Ma Kokushubila, ambaye umri haukumruhusu kusafiri kutoka Kanyigo. Ndugu zake wanne. Na Mwinshehe Jamali pamoja na Mwanakombo, ambao aliusia wahesabiwe miongoni mwa ndugu.

Wenye redio zao kibandani wanaombwa waje wazichukue kuanzia Jumatatu. Zote zimetengenezwa, isipokuwa moja, ya mwalimu wa Mtoni, ambayo marehemu aliifungua mara nyingi bila kuupata ubovu wake. Jumapili iliyopita, sauti ikiwa imeshaanza kumpotea, alimwambia mkewe: "Ile ya mwalimu, asiambiwe imekufa, wala asiambiwe imepona. Mwambie sijaijua."

Mwalimu, kama uko hapa, umeambiwa.

Bwana ampokee Revelian mtumishi wake, na ampe pumziko lenye amani.