Orodha Niliyoambiwa Nisiiguse

Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi, ndugu wakurugenzi, wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa karakana, na wewe dada yetu tunayekuaga leo: nawasalimu nyote kwa heshima. Nimepewa dakika tano za kumsifu dada huyu. Nitamsifu, ila sifa zenyewe zitaniumbua.

Sisi hutengeneza miguu ya bandia. Mtu akipoteza mguu, ndugu zake huingia mtandaoni kutafuta msaada, na kazi ya dada ilikuwa kuhakikisha wanatuona sisi kwanza. Tulimwita Chujio, kwa kuwa kila tovuti iliyoweka linki ya kuja kwetu aliifungua mwenyewe, akaisoma, ndipo akaamua kama inatujenga au inatuchafua.

Je, uchafu aliuleta nani? Ni mimi, meneja wenu. Mtambo wa kutafuta mtandaoni humpandisha juu anayeelekezewa linki nyingi; nami nilitaka tuongoze upesi, nikanunua linki elfu tatu kwa mtu nisiyemjua, nyingi za tovuti za kamari. Kwa wiki sita tukawa kileleni. Kisha wenye mtambo wa kutafuta wakatushtukia, wakatutupa ukurasa wa nane, ambako hafiki mtu. Mchuma janga hula na wa kwao.

Chujio hakunigombeza. "Bosi, wewe nipe muda tu," alisema. Akawaandikia wenye tovuti zile mmoja mmoja, akiwasihi waziondoe linki hizo. Wengi hawakujibu. Ndipo akaanza kuandaa orodha ya linki za kukana, ili wenye mtambo wasituhesabie. Alipokwenda kumuuguza mama yake, aliniachia kompyuta na onyo moja: "Orodha usiiguse. Sijamaliza kuichambua, humo kuna za hospitali."

Mnajua nilifanya nini? Niliituma yote kwa wenye mtambo, kama ilivyo. Nilizikana hospitali kumi na moja na chama cha watu wenye ulemavu, waliotusemea vizuri miaka yote. Tukazama kabisa.

Bodi ilipouliza ni nani aliyeituma, jina lililoonekana kwenye kompyuta lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nimekaa kiti kile pale, karibu na dirisha. Alinitazama, akanisubiri niseme. Nikainamia karatasi zangu. Mkataba wake hamkuuongeza, na ndiyo maana tumekutana hapa.

Juzi mama mmoja alifika na binti yake wa miaka tisa, amembeba mgongoni. "Nimewatafuta miezi minane," aliniambia, "nikadhani mmefunga." Miezi yote hiyo mtoto hakwenda shule. Naona aibu, ndugu zangu, na aibu hiyo hainiachi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kumbukumbu za kikao kile zirekebishwe: aliyetuma ni mimi. Dada, sikuombi msamaha hapa, maana mbele ya watu wote hawa ungelazimika kunipa. Cheti chako cha shukrani kina saini yangu. Naomba mtu mwingine akisaini upya, akukabidhi yeye.

Ahsanteni kwa kunivumilia hadi mwisho.